Serikali Inaanzia kwa Mtendaji wa Mtaa: Mwongozo wa Uraia kwa Mwanafunzi wa Ilemela

Mzazi wa Kirumba au Nyasaka akimtuma mwanawe kufuata barua ya utambulisho, mara nyingi humwambia, "Pitia kwa mjumbe kwanza." Mtoto anakwenda kwa mzee jirani, anaamkia, anapewa kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono, kisha anaelekezwa ofisi ya mtaa kugongewa muhuri. Kwa safari hiyo fupi amehudumiwa na chama cha siasa na serikali, na hakuna aliyemwambia mpaka kati ya hivyo viwili uko wapi. Mjumbe wa nyumba kumi, ambaye siku hizi huitwa balozi wa shina, ni kiongozi wa CCM. Cheo hicho kilianzishwa na TANU miaka ya 1960, kabla chama na serikali havijatenganishwa. Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, na tangu hapo balozi si ofisa wa umma. Anayetambuliwa na sheria za serikali za mitaa ni mwenyekiti wa mtaa aliyechaguliwa na wakazi, pamoja na ofisa mtendaji aliyeajiriwa.

Balozi anaheshimika na aendelee kuheshimiwa, maana ndiye anayejua nani amehamia nyumba ipi. Ila mwanafunzi anayemaliza kidato cha nne bila kujua kwamba anaweza kwenda moja kwa moja kwa mtendaji, awe na kadi ya chama au asiwe nayo, amekosa somo ambalo atalihitaji maishani kuliko tarehe ya Azimio la Arusha.

Kosa si la mwanafunzi. Kwa miaka mingi Uraia umefundishwa kutoka juu kushuka: Jamhuri ya Muungano, mihimili mitatu, Bunge, Baraza la Mawaziri. Serikali za mitaa zikifikiwa, muhula umekwisha na mwalimu anakimbizana na mtihani. Isitoshe, sekondari somo hilo lilifundishwa kwa Kiingereza, ilhali mkutano wa mtaa atakaoukuta nyumbani ni wa Kiswahili. Mtaala mpya, unaoingia hatua kwa hatua, umeleta Historia ya Tanzania na Maadili kwa Kiswahili, na hiyo ni nafasi nzuri ya kugeuza mpangilio. Mtaala uwe wa zamani au mpya, mwanafunzi wa Ilemela ajifunze serikali kuanzia chini kwenda juu, kwa kufuatilia jambo moja moja na kuuliza maswali yaleyale kila mara: nani ameamua, kwa fedha ya nani, na asiyeridhika apeleke wapi lalamiko lake.

Aliyechaguliwa na aliyeteuliwa

Manispaa ya Ilemela ilijitenga na Jiji la Mwanza mwaka 2012, Nyamagana ikabaki na jiji. Ina kata 19, makao makuu yake yapo Buswelu, na kwa Sensa ya 2022 ina watu zaidi ya nusu milioni. Ndani ya eneo hilo kuna viongozi wa namna mbili ambao vijana wengi huwachanganya: waliochaguliwa na wananchi na waliowekwa na mamlaka ya juu.

Mtaani, mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya mtaa wamepigiwa kura. Mtendaji ni mwajiriwa. Kwenye kata, diwani amepigiwa kura naye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mtendaji wa kata ni mwajiriwa na ndiye katibu wa kamati hiyo. Kwenye manispaa, madiwani huketi katika Baraza la Madiwani na kumchagua meya miongoni mwao. Mkurugenzi wa Manispaa, ambaye ni katibu wa baraza hilo na msimamizi wa watumishi na fedha, huteuliwa na Rais. Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa nao ni wateule wa Rais. Mbunge ni mjumbe wa Baraza la Madiwani, jambo ambalo hata watu wazima hulisahau.

Mwalimu anaweza kulifundisha hili bila kitabu. Achore ubaoni safu mbili, wanafunzi wataje kila kiongozi wanayemjua, kisha kwa kila jina wajibu: nani alimweka, na nani anaweza kumwondoa? Darasa litagundua upesi kwamba ngazi zote zimefumwa kwa mtindo uleule, aliyechaguliwa anaongoza kikao na aliyeajiriwa au kuteuliwa anashika kalamu na kitabu cha hundi. Mpangilio huo una faida, kwa sababu utaalamu haubadiliki kila uchaguzi. Una kasoro yake pia: diwani huweza kupitisha azimio zuri likakaa kwenye jalada mwaka mzima.

Darasa la kidato cha tano au sita lisogee hatua moja zaidi. Mwezi Mei 2019 Mahakama Kuu iliamua, katika shauri lililofunguliwa na Bob Chacha Wangwe, kwamba kuwatumia wakurugenzi wa halmashauri kama wasimamizi wa uchaguzi kunapingana na Katiba, kwa kuwa ni wateule wa Rais na baadhi yao walikuwa makada wa chama tawala. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Kesi hii ni bora kuliko ufafanuzi wowote wa mgawanyo wa madaraka. Wanafunzi wagawanywe, nusu watetee uamuzi wa kwanza, nusu watetee wa pili, na mwalimu asiwaambie nani ameshinda.

Fuata fedha ya dagaa

Soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, ni darasa la fedha za umma ambalo watoto wa Ilemela hulipita kila siku wakiziba pua. Dagaa wakavu kwenye magunia, kayabo lililokolea chumvi, mabondo. Malori yanapakia kwenda mikoani, Congo, Rwanda na Burundi. Gunia halitoki hivihivi. Mfanyabiashara anapewa namba ya malipo, analipa ushuru kwa simu au benki, anapata risiti, na mlinzi wa getini anaitaka risiti hiyo kabla gari halijatoka. Fedha hiyo inaingia katika kile kinachoitwa mapato ya ndani ya halmashauri, pamoja na leseni za biashara, ushuru wa stendi na masoko mengine.

Mwanafunzi ajue tofauti kati ya mapato hayo na fedha inayotoka Hazina. Mshahara wa mwalimu wake unatoka serikali kuu. Fedha ya kuendeshea shule chini ya mpango wa elimu bila ada, ulioanza Januari 2016 kwa shule za msingi na sekondari hadi kidato cha nne na baadaye ukafika kidato cha tano na sita, nayo inatoka serikali kuu. Lakini boma la darasa lililoanzishwa kwa nguvu za wananchi, au vyoo vya soko, mara nyingi hutegemea mapato ya ndani. Kwa hiyo anayekwepa ushuru Mwaloni huenda anaidhulumu shule anayosoma mwanawe, na ofisa anayepokea noti mkononi bila risiti ameidhulumu vilevile.

Kuna fungu moja ndani ya mapato hayo ambalo kila kijana anapaswa kulijua kabla hajamaliza shule. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Tuseme halmashauri imekusanya shilingi bilioni 10. Bilioni 1 inatakiwa kwenda kwenye mikopo, na ndani yake shilingi milioni 400 ni za vikundi vya vijana. Hesabu hiyo ni ya kidato cha kwanza. Kinachofuata ndicho kigumu. Aprili 2023 serikali ilisimamisha mikopo hiyo, baada ya ripoti za ukaguzi kuonyesha fedha nyingi hazirejeshwi na baadhi ya vikundi havikuwepo kabisa. Ilirejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Vijana waliokuwa wakisubiri zamu yao walikaa zaidi ya mwaka bila kitu kwa sababu ya vikundi hewa.

Aliyeyagundua hayo ni Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anayetajwa katika ibara ya 143 ya Katiba. Ripoti zake za mwaka hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi, kisha hufikishwa Bungeni Aprili. Zinapatikana kwa umma, zipo za Kiswahili, na mojawapo inahusu serikali za mitaa pekee. Kila halmashauri hupewa hati: inayoridhisha, yenye shaka, isiyoridhisha, au mkaguzi anashindwa kutoa maoni. Hapa kuna mtego. Hati inayoridhisha maana yake ni kwamba vitabu vya hesabu vimeandikwa sawasawa. Haisemi kwamba fedha imetumika kwa busara, wala haizuii ripoti hiyohiyo kutaja upungufu chungu nzima. Diwani akijigamba jukwaani kwa hati safi, mwanafunzi aliyesoma ripoti atauliza kurasa zinazofuata zinasemaje.

Kanda hii ina historia yake ya kudai hesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walichoshwa na mizani ya wanunuzi iliyokuwa ikiwapunja. Vijana waliosoma kidogo wakajipanga, wakaweka wapimaji wao wenyewe kuhakiki uzito kabla pamba haijauzwa. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Paul Bomani, ambaye hakuwa amefikisha miaka 30. Kutoka kwenye mizani walifika kwenye ushirika, na mwaka 1955 ukaundwa Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria, uliokuja kuwa miongoni mwa vyama vya ushirika vikubwa barani Afrika. Mwaka 1962 Bomani akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika huru. Serikali ya kikoloni iliuogopa mwamko wa kanda hii kiasi cha kuizuia TANU kuendesha shughuli zake katika Jimbo la Ziwa tangu 1954 hadi 1958. Mwaka huo wa 1958 watu wa Geita, waliokataa baraza la wilaya ambalo hawakuliridhia, walitembea kwa maelfu hadi Mwanza kulalamika. Walimu wa historia hulitaja tukio hili kwa mstari mmoja, wakilitaja. Lingestahili vipindi viwili.

Barabara ya nani, maji ya nani

Sehemu hii ni fupi kwa sababu haina falsafa, lakini ndiyo itakayomsaidia mtu wiki ijayo. Barabara kuu na za mkoa, kama inayotoka mjini kupita Pasiansi kwenda uwanja wa ndege, ziko chini ya TANROADS. Barabara za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Maji ni MWAUWASA, na bei zake huidhinishwa na EWURA. Umeme ni TANESCO. Taka, masoko, minada na vibali vya ujenzi ni vya manispaa. Mkazi anayempigia diwani kelele juu ya bomba lililopasuka hajakosea sana, kwa kuwa diwani ni mwakilishi wake, ila atahudumiwa haraka akianzia kwa mwenye bomba.

Ziwa nalo lina wenyewe wengi. Tanzania ina karibu asilimia 51 ya Ziwa Victoria, Uganda 43 na Kenya 6, na nchi hizo tatu huratibu uvuvi kupitia taasisi ya pamoja yenye makao makuu Jinja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake zinahusu nyavu, leseni na ukubwa wa samaki. Sangara wa chini ya sentimita 50 hatakiwi kuvuliwa. Kwenye mialo kuna vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU, ambavyo wajumbe wake ni wavuvi na wakazi wenyewe.

Watoto wa Kayenze na Sangabuye hawahitaji kusimuliwa Operesheni Sangara ya 2018. Waliona nyavu zikichomwa. Serikali ilisema samaki wanakwisha na uvuvi haramu lazima ukomeshwe. Wavuvi na baadhi ya wabunge wakalalamikia faini kubwa na namna operesheni ilivyoendeshwa. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Mwanafunzi afundishwe kuyatenganisha: je, sheria ni nzuri? Je, imetekelezwa kwa haki? Aliyeonewa alikuwa na njia gani ya kukata rufaa? Darasa likibaki na swali la kwanza tu, mjadala utaishia kwenye kugombana kati ya watoto wa wavuvi na watoto wa watumishi.

Kivuko cha Ukara

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mita chache kabla ya kutia nanga Ukara, wilayani Ukerewe. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa, kwa hesabu ya serikali, ni 228. Familia nyingi za Mwanza zilipoteza mtu, na kwa wazee kidonda cha zamani kilifunguka: Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Bwiru, ikaua mamia ya watu.

Ajali hii ifundishwe kama kesi ya utawala, kwa utulivu na kwa heshima ya waliokufa. Kivuko kilikuwa cha serikali, kikiendeshwa na TEMESA, wakala ulio chini ya wizara ya ujenzi. Usalama wa vyombo vya majini ulikuwa mikononi mwa mdhibiti aliyeitwa SUMATRA, ambaye majukumu yake baadaye yaligawanywa kati ya TASAC na LATRA. Hali ya kivuko hicho ilikuwa imeshasemwa Bungeni na mbunge wa Ukerewe kabla ya ajali, na maelezo yake yamo kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge, ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma. Baada ya ajali Rais John Magufuli alivunja bodi ya TEMESA.

Sasa wanafunzi wafanye kazi. Nani alipaswa kuhesabu abiria gatini? Nani alipaswa kukagua kwamba wanahesabiwa? Mbunge aliuliza, nani alipaswa kufuatilia jibu? Na abiria mwenyewe, aliyekiona kivuko kimefurika siku ya gulio na hana usafiri mwingine hadi kesho yake, alikuwa na uhuru kiasi gani wa kukataa kupanda? Swali hili la mwisho ndilo gumu, na mwalimu asiliruke. Kumwambia mwananchi "ungekataa" ni rahisi kwa mtu mwenye gari.

Miaka 18

Aliye kidato cha tatu leo, kwa umri wa kawaida, atakuwa ametimiza miaka 18 kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2029 na uchaguzi mkuu wa 2030. Ajue mapema kwamba hizi ni chaguzi mbili zenye madaftari mawili. Uchaguzi mkuu unasimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na hutumia Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Uchaguzi wa mitaa unasimamiwa na TAMISEMI, na wakazi hujiandikisha upya mtaani kwao. Mwaka 2024 zoezi hilo lilifanyika Oktoba na kura zikapigwa Novemba 27. Kila mara wapo watu wenye kadi ya mpiga kura mfukoni wanaodhani inatosha, na siku ya kura majina yao hayamo kwenye orodha ya mtaa. Kugombea uenyekiti wa mtaa ni kuanzia miaka 21.

Wanafunzi wana sababu ya pekee ya kuwa macho. Katika uandikishaji wa 2024 vyama vya upinzani vililalamika kwamba wanafunzi walio chini ya miaka 18 walikuwa wakiandikishwa. Kijana akiambiwa na mtu yeyote, hata mwenye cheo, aandike jina lake kabla ya umri, akatae, kwani kudanganya umri ili kuandikishwa ni kosa la kisheria na jina litakalokutwa kwenye daftari ni la kwake.

Mwalimu mwenye hekima hataficha mambo mengine yasiyopendeza. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa katika uchaguzi wa mitaa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa kwa madai ya kukosea fomu, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya mitaa na vijiji. Mwaka 2024 CCM ikapata tena karibu asilimia 99, na malalamiko ya kuenguliwa yakajirudia. Mwaka 2025 CHADEMA haikushiriki uchaguzi mkuu, mwenyekiti wake Tundu Lissu akiwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Siku ya kura, Oktoba 29, maandamano na ghasia zilizuka katika miji kadhaa, Mwanza ukiwemo. Watu walikufa, na intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98. Novemba akaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman.

Watoto wa Ilemela walizisikia sauti za siku hizo wakiwa majumbani. Kuwafundisha Uraia kana kwamba hazikuwepo ni kuwafundisha kwamba Uraia ni somo la mtihani tu. Mwalimu si lazima aseme nani alikosea. Anaweza kufungua Katiba mezani: ibara ya 14 juu ya haki ya kuishi, ya 18 juu ya uhuru wa maoni na mawasiliano, ya 20 juu ya kukusanyika kwa amani, ya 26 juu ya wajibu wa kutii sheria pamoja na haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba, na ya 30 juu ya mipaka ya haki hizo. Wanafunzi wazisome zote kwa pamoja, maana kila upande hupenda kunukuu moja na kuzifunika nyingine. Kwa kulinganisha, waangalie Kenya, ambako Katiba ya 2010 inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kutunga sheria. Mwaka 2024 vijana waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakaufafanua kwa lugha za nyumbani, wakaingia barabarani. Makumi ya watu walipoteza maisha, na Juni 26 Rais William Ruto akakataa kuutia saini.

Ipo pia njia ya mahakama, ya polepole. Rebeca Gyumi, mwanasheria kijana, alifungua kesi kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi. Julai 2016 Mahakama Kuu ikakubaliana naye. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Msichana wa Bugogwa anayesikia kwamba sheria inaruhusu aozwe kabla ya miaka 18 anapaswa kujua kwamba mahakama ya juu kabisa nchini ilishasema vinginevyo.

Kazi ya kufanya shuleni

Serikali ya wanafunzi ndiyo maabara ya karibu. Katika shule nyingi viranja huteuliwa na walimu, kisha wanafunzi wanaambiwa huo ni uongozi wa kidemokrasia. Uchaguzi wa kaka mkuu na dada mkuu ufanywe kwa kura ya siri, wagombea watoe sera, kura zihesabiwe mbele ya mawakala wa kila mgombea, na matokeo yabandikwe ukutani yakiwa na namba. Aliyeshindwa awe na mahali pa kukata rufaa. Mfuko wa darasa, hata ukiwa wa shilingi elfu ishirini za kununulia mafagio, usomewe mapato na matumizi kila mwezi. Mtoto aliyezoea kusomewa hesabu ya mafagio ataona ajabu mtaani kwake akisikia mkutano haujaitishwa tangu mwaka jana.

Mikutano ya Baraza la Madiwani ni ya wazi. Shule ikiandika barua mapema, darasa linaweza kwenda Buswelu kukaa upande wa wageni na kusikiliza. Waende na kalamu, waandike: diwani yupi aliuliza swali, mtaalamu gani alijibu, na jibu lilikuwa na tarehe au lilikuwa "linafanyiwa kazi". Wakitaka jambo liingie kwenye bajeti, wakumbuke kwamba mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na mapendekezo hupita mtaa, kata na baraza miezi mingi kabla, ili Bunge liyajadili kuanzia Aprili. Ombi la vyoo linalopelekwa Juni limeshachelewa. Lipelekwe kwenye mkutano wa mtaa na Kamati ya Maendeleo ya Kata mwishoni mwa mwaka unaotangulia.

Zoezi la mwisho ni barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Darasa lichague jambo moja dogo lenye kipimo: halmashauri ilikusanya kiasi gani Mwaloni mwaka wa fedha uliopita, au ni vikundi vingapi vya vijana katika kata yao vilivyopata mkopo wa asilimia 10. Barua iandikwe kwa Mkurugenzi wa Manispaa kupitia mkuu wa shule, nakala kwa diwani wa kata, isainiwe na mwalimu na mzazi mmoja pamoja na wanafunzi. Isiwe na lawama wala siasa, iwe na swali moja tu, sheria itajwe kwa jina na mwaka wake. Mbali na ya diwani, ichapwe nakala mbili. Moja ibaki masijala, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na irudi shuleni. Tarehe hiyo iandikwe kwenye kalenda ya darasa, siku zihesabiwe, na ikifika ya 31 bila jibu, iandikwe barua ya pili ya kuomba mapitio, ikiambatanishwa na nakala ya ile ya kwanza.